Mpangaji yupo, jina ndilo halipo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Manchester. Mume wangu ni Mwingereza, ukoo wao ni Geoghegan, na asili yao Ireland. Watoto wakiuliza upande wangu, nawatajia mpaka babu wa babu. Upande wa baba yao tumekwama. Tuna cheti cha ndoa cha Liverpool cha 1857: bwana harusi kibarua, bibi harusi anaitwa Bridget, wote wametia alama ya X. Kwenye sensa ya 1861 nimetafuta Geoghegan mtandaoni mpaka macho yakauma, hayupo. Inawezekana hakuhesabiwa? Halafu kuna mtaalamu ametuuzia mti wa ukoo pamoja na nembo kwa pauni 90. Anasema wazazi wa huyo mzee wanaonekana Mayo kwenye sensa ya Ireland ya 1861. Tumwamini?

JIBU: Marahaba, dada. Naanza na hilo la mwisho maana ndilo lililonipandisha damu. Fomu za sensa ya Ireland ya 1861 hazipo. Ziliharibiwa kwa amri ya serikali yenyewe, pamoja na za 1871. Za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Zile za 1821 mpaka 1851 zilikuwa zimehifadhiwa Dublin, kwenye jengo la Four Courts, zikaungua Juni 1922, vikabaki vipande tu. Sensa ya zamani kuliko zote unayoweza kuisoma nzima ni ya 1901, nayo iko wazi mtandaoni bure. Sasa huyo aliyewaona wazazi wa Mayo mwaka 1861 aliwaona wapi? Kwenye majivu?

Turudi kwa mzee wenu. Hili neno "hayupo" naletewa kila wiki, na kila wiki nauliza: hayupo wapi? Ulichopekua wewe si sensa, ni faharasa, yaani orodha ya majina ya kutafutia. Faharasa imechapwa na mtu aliyekuwa akisoma picha ya mwandiko wa karani. Karani naye alikuwa akinakili kutoka kwenye fomu. Fomu iliandikwa na mwenye nyumba, au na karani mwenyewe pale mlangoni kama mwenye nyumba hakujua kusoma. Fomu hizo zilitupwa. Za kwanza kutunzwa kwa Uingereza ni za 1911. Na mzee wenu, ambaye huenda alikuwa mpangaji tu kwenye nyumba ya mtu, ni nani katika msururu huo? Sensa ilihesabu waliolala nyumbani usiku wa Jumapili, tarehe 7 Aprili 1861. Karani alipopita Jumatatu kukusanya fomu, kibarua huenda alikuwa gatini zamani anapakua magunia. Aliyemtaja ni mama mwenye nyumba, kwa jina analomwitia kodi.

Sasa tamka Geoghegan. Kinachotoka mdomoni ni kitu kama "Gegan". Karibu nusu ya herufi zimekaa bure. Karani Mwingereza anasikia, anaandika Gagan, au Gaghan, au Gahagan. Miaka zaidi ya mia baadaye mchapaji anaiona G yenye mkia mrefu, anaandika Yagan. Kumsahihisha hakuna wa kumsahihisha, maana mwenye jina anatia X. Wewe unatafuta herufi tisa ambazo mzee mwenyewe pengine hakuwahi kuziandika hata siku moja! Sisi tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Athumani, Asumani, Othman: mtu mmoja, makarani watatu. Lakini tukifika kwenye makaratasi ya Wazungu tunadhani kila jina lilichongwa kwenye jiwe.

Kuna na mtego mwingine ambao uliwahi kunila siku tatu nzima. Karani akichoka kurudia jina la ukoo huandika "do" chini yake, yaani vilevile. Mpangaji anayefuata chini ya watoto wa mwenye nyumba akiandikiwa hiyo "do" kwa bahati mbaya, au mchapaji akiiona mahali isipokuwepo, basi faharasa inamgeuza kuwa mtoto wa nyumba ile. Niliyekuwa namtafuta alikuwepo muda wote, na jina la ukoo la bibi aliyempangisha.

Kwa hiyo acha nafasi ya ukoo wazi. Weka Bridget, mzaliwa wa Ireland, Liverpool, umri uupe miaka mitano huku na huku, jina la kwanza la mume. Watakuja wengi mno: mwaka 1851 zaidi ya mtu mmoja kati ya watano Liverpool alikuwa mzaliwa wa Ireland. Ndiyo maana unahitaji mtaa. Ule wa kwenye cheti cha 1857 usiutegemee sana, watu hawa walihama vyumba kwa kodi ya wiki. Tafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto wao wa 1860 au 1861. Kina anwani ya miezi michache tu kutoka usiku wa sensa. Ukishaupata mtaa, fungua picha za kurasa zenyewe na uzisome nyumba kwa nyumba. Angalia mistari midogo ya mshazari pembeni mwa majina: miwili ni mwisho wa nyumba, mmoja ni mwisho wa kaya ndani ya nyumba hiyohiyo. Mpangaji aliyekula meza moja na wenyeji aliandikwa tofauti na aliyejipikia, na huyu wa kujipikia mara nyingi anakaa peke yake nyuma ya mstari wake na mkewe, kama kaya kamili.

Ukimpata usitarajie kuambiwa kijiji. Makarani waliagizwa waandike nchi tu kwa waliozaliwa Ireland, na wengi wakafanya hivyohivyo. Wilaya ukiikuta ni zawadi. Kijiji hutafutwa kanisani, kwenye ubatizo na ndoa za Wakatoliki, hasa kwa majina ya wadhamini.

Na hapa ndipo vishoka wanapovuna. Mtu hataki kusoma kurasa arobaini za mwandiko mbaya, anataka jibu leo. Kishoka anachukua Geoghegan yeyote mwenye umri unaokaribia, anambandika. Mwingine anaukuta mti huo mtandaoni, anaunakili. Wa tatu anaukuta kwa wawili, anasema umethibitishwa. Nimeona miti mama kazaa akiwa na miaka tisa, na watu kumi na wanne wameinakili bila kuhesabu vidole. Siku hizi wameongeza na kipimo cha mate, kile cha vinasaba (DNA). Mate yatakuonyesha binamu. Hayatakuambia mzee alipanga mtaa gani. Mti wowote usio na kumbukumbu ya ukurasa wa kila mtu aliyetajwa, usiulipie hata senti.

Nembo nayo hupewa mtu, haipewi jina la ukoo. Kibarua wa gatini hakuwa nayo. Kama fremu ni nzuri, toeni karatasi wekeni picha ya harusi yenu.

Jambo moja hukuniandikia. Kwenye cheti kile cha 1857, chini kabisa, kuna mashahidi wawili. Wanaitwa nani? Nitumie majina yao kama yalivyoandikwa, hata kama unadhani yamekosewa.