Kabla ya Kuandika Tasnifu Kuhusu Lubumbashi, Soma Kazi za Johannes Fabian

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, hapa Katanga katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wanaokaribia kuandika tasnifu ya lisansi (shahada) huja kuniuliza waanzie wapi, na wengi wao huwa wamekwisha kuandaa orodha ndefu ya maswali kwa Kifaransa. Huwaomba waiweke kando orodha hiyo kwa muda, waangalie kwanza jinsi Johannes Fabian alivyofanya kazi yake ya anthropolojia katika jiji hili. Mimi hurekodi kumbukumbu za wastaafu wa migodi katika Kenya na Katuba, komuni (yaani mitaa) za jiji hili, na karibu kila ninachokijua kuhusu kumsikiliza mtu mzima akisimulia maisha yake nilikipata kwa kuzisoma kazi zake huku nikiijaribu mwenyewe njia yake.

Fabian alizaliwa 1937 huko Glogau, mji uliokuwa wa Ujerumani wakati huo na ambao leo uko Poland. Shahada yake ya udaktari aliipata katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1969, kutokana na utafiti alioufanya Katanga kuhusu Jamaa, vuguvugu la Wakatoliki lililochipuka katika mafundisho ya padre Mfransisko Placide Tempels na kuenea miongoni mwa wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya madini ya enzi za ukoloni, na wake zao. Kati ya 1972 na 1974 alifundisha hapa Lubumbashi, katika kampasi ya kilichokuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire (jina la Kongo wakati huo), kisha akafundisha Marekani, na kuanzia 1980 akawa profesa Amsterdam.

Kitabu kilichompa jina kubwa zaidi kilitoka 1983, na hoja yake humhusu kila mwanafunzi wetu. Fabian aliona kwamba mtafiti hukaa na watu, hula nao, huzungumza nao katika saa na siku ile ile, lakini akirudi mezani kwake huwaandika kana kwamba wanaishi katika wakati mwingine, wakati wa kale usiosonga. Msidhani kosa hilo ni la wageni peke yao. Nimesoma kazi za vijana waliozaliwa hapa hapa katika komuni ya Kamalondo wanaoandika kwamba "mchimba migodi huamini hivi" au "mwanamke wa Katanga hufanya vile", ilhali aliyewapa habari hiyo ni jirani yao, mwenye simu mkononi na mjukuu anayesoma darasa moja nao. Andika kwamba Papa fulani, yaani mzee fulani kwa jina lake, alikuambia jambo hilo, mwaka fulani, uani kwake, baada ya wewe kumuuliza jambo fulani. Sentensi itarefuka, lakini itakuwa ya kweli.

Jambo la pili ni lugha, na hapa naomba uvumilivu wa msomaji kwa sababu ndipo moyo wangu ulipo. Mwishoni mwa 1973 Fabian alikutana na mchoraji kijana, Tshibumba Kanda Matulu, aliyekuwa akiuza picha zake nyumba kwa nyumba. Tshibumba alikuwa na nia ya kuisimulia historia yote ya nchi kwa picha, na Fabian akamuunga mkono: kila alipoleta picha mpya, walikaa pamoja, mchoraji akaieleza kwa Kiswahili chake, na kinasa sauti kikawa kinazunguka. Zilipatikana picha takriban 100, na zilipochapishwa katika kitabu mwaka 1996 maelezo ya mchoraji yaliandamana nazo, yakichukuliwa kwa uzito ule ule unaopewa maandishi ya mwanahistoria. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 Tshibumba hajulikani alikokwenda. Bila kanda zile, leo tungekuwa na picha tu, tukibahatisha alichotaka kusema.

Kwa hiyo ukirekodi, andika maneno kama yalivyotamkwa. Mzee mmoja wa Katuba aliniambia, "Siye tulitumikaka mu Union Minière, na bibi zetu banakamata posho," yaani wao walifanya kazi Union Minière, na wake zao wakapokea mgao wa chakula, kisha akataja namba yake ya kazini tarakimu kwa tarakimu bila kusita, ingawa alistaafu zamani. Ukiisahihisha sentensi hiyo iwe Kiswahili sanifu, au ukiiweka moja kwa moja katika Kifaransa, unampokonya mzee sauti yake. Weka maneno yake upande mmoja na tafsiri upande wa pili, ili msomaji aweze kukukosoa. Ndivyo Fabian alivyofanya, na pamoja na wenzake wa Amsterdam akaziweka matini nyingi za Kiswahili cha Katanga katika intaneti, mahali ambapo mwanafunzi wa hapa anaweza kuzisoma bila kununua kitabu cha Kiingereza.

Maswali yenyewe yana mpaka wake. Mwaka 1986 Fabian alirudi Lubumbashi, akasikia msemo kwamba madaraka huliwa yakiwa mazima, akaanza kuulizauliza maana yake. Waigizaji wa kundi la Mufwankolo walimjibu kwa kutunga mchezo mzima juu ya msemo huo, naye akafuatilia jinsi ulivyojadiliwa, ukafanyiwa mazoezi na kurekodiwa kwa ajili ya televisheni. Kuna ujuzi ambao watu huutoa kwa kutenda, na mtafiti mwenye haraka ya kujaza fomu hauoni. Mimi nililishuhudia hilo kwa mama mmoja wa komuni ya Kenya aliyejibu swali langu kuhusu posho kwa maneno mawili tu. Aliposimama na kunionyesha kwa mikono jinsi unga, maharagwe na mafuta ya mawese yalivyopimwa, na jinsi akina mama walivyogawana nafasi katika mstari, nilipata maelezo ambayo hayamo katika jalada lolote nililosoma.

Wanafunzi wetu huharakia kwa waume na kuwasahau akina mama hao, na jambo hilo halina budi kubadilika upesi, kwa sababu mashahidi wanazeeka. Kati ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi Union Minière, waliondoka kazini katika mpango wa kuondoka kwa hiari, na waliokuwa watu wazima wakati ule sasa ni wazee.

Zitunze pia rekodi zako baada ya kupata shahada. Mwaka 2008 Fabian alitoa kitabu kilichojengwa juu ya mazungumzo aliyoyafanya 1974 na mganga aitwaye Kahenga, kwa kuwa kanda na maandishi yalikuwa bado yapo. Chaji simu mapema maana umeme hukatika, taja tarehe na mahali mwanzoni mwa kila rekodi, hamishia nakala katika diski mbili zinazokaa nyumba tofauti, na nakala moja mpelekee mzee mwenyewe au watoto wake, ukiwaeleza wazi unataka kuitumia kwa kazi gani na ungoje wakubali.