Ubao wa Matangazo Usilale Kwako: Kwa Anayefikiria Kuhamia Kijijini Japani

Siku ya nne baada ya kuhamia, jirani alikuja na ubao mgumu wenye karatasi zilizobanwa, akainama, akasema maneno mengi, akaenda zake. Nikautundika jikoni. Nilidhani ni kalenda ya kukaribishia wageni. Ukakaa pale siku sita, mpaka mama mkwe akanipigia simu kuuliza, kwa upole unaotisha, kama uko kwangu.

Ubao huo unaitwa kairanban. Ni matangazo ya mtaa: unasoma, unapiga muhuri kwenye nafasi ya nyumba yako, halafu unaupeleka kwa jirani anayefuata, siku hiyohiyo ukiweza. Kwa hiyo nyumba zote zinazofuata baada ya yangu hazikujua siku ya kusafisha mifereji. Hakuna aliyenigombeza. Huku hawagombezi, ndiyo maana unaweza kukosea miezi sita mizima na usijue.

Mimi ni Mpare wa Usangi. Nilikuja kusoma, nikaolewa, na sasa tunaishi kwenye nyumba ya bibi yake mume wangu, kusini mwa mkoa wa Akita, upande wa Yokote. Ilikuwa imefungwa miaka. Si ajabu: utafiti wa makazi wa serikali wa mwaka 2023 ulikuta nyumba tupu kama milioni 9 Japani nzima, na hapa Akita karibu watu wanne katika kila kumi wana miaka 65 au zaidi. Ndugu wananiuliza sana kuhusu nyumba hizo za bei ya kutupa wanazoziona mtandaoni. Nawajibu hivi: nyumba ni rahisi kweli, ila pamoja na nyumba unapokea zamu. Zamu ya mifereji, ya kufyeka nyasi, ya kusafisha kituo cha taka, ya kufagia uwanja wa hekalu. Kama hutaki zamu, panga chumba mjini.

Kabla hujafungua hata boksi moja, pita kwa majirani. Desturi ni nyumba tatu zinazokutazama na mbili za ubavuni; kijijini ongeza na kwa mwenyekiti wa mtaa. Beba kitu kidogo kilichofungwa vizuri, taulo au biskuti za yeni 500 hadi 1,000. Mimi nilikwenda wiki ya pili, wakati kila mtu ameshajua ninaamka saa ngapi na ninaanika nini.

Wao nao wana hodi yao. Mtu anasukuma mlango wa mbele, anaingia mpaka pale pa kuvulia viatu, anaita "Gomen kudasai!" na kusubiri. Usishtuke ukiwa na khanga ya kifuani tu. Asipokukuta anaacha kabichi, na ni kazi yako kupeleleza imetoka kwa nani.

Sasa hiyo mifereji. Theluji ikishayeyuka, kabla ya kupanda mpunga, kila nyumba inatoa mtu Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi. Nilipoelewa maana yake nilicheka peke yangu: huu si msaragambo huu, kazi ya pamoja ya kijiji kwetu Upareni? Nimekua nikizibua mifereji ya ndiva, mabwawa yetu ya kumwagilia, na kwetu asiyetokea anatozwa faini. Mtaani kwetu hapa vilevile, asiyefika analipa. Nakushauri usilipe, nenda. Vaa buti za mpira na glovu, na ufike mapema, maana kazi ya saa kumi na mbili huanza kumi na mbili kasorobo. Mwaka ule wa kwanza sikuwa na Kijapani cha kuombea chumvi, lakini koleo nilijua kulishika. Bibi mmoja aliyepita themanini akanitazama ninavyoinama kwa kiuno, magoti yamenyooka, akasema neno watu wote wakacheka. Mume wangu akanitafsiria: "Huyu amelima." Tangu siku hiyo ninaitwa bibi harusi wa nyumba ya chini. Nina miaka arobaini na moja, bado ni bibi harusi.

Kijapani cha darasani kitakusaidia benki. Shambani utaambiwa "Ke!", yaani karibu ule, nawe unajibu "Ku", nakula. Wenyewe wanatania kwamba baridi imewafundisha kutoachama mdomo muda mrefu.

Na mboga zitakuja. Sahani ya jirani hairudi tupu, hilo tumelelewa nalo, ila wenzetu wana kipimo. Nilipewa matango saba, nikarudisha boksi la maembe niliyoagiza kutoka Tokyo. Kesho yake ukaja mchele kilo kumi. Mume wangu akaniomba nisimamishe hiyo vita. Kwa zawadi rasmi kipimo chao ni kama nusu ya thamani ya ulichopokea. Kwa matango, chochote ulichopika mwenyewe kinatosha. Mimi hupeleka maandazi, na sasa nikikawia naulizwa kama naumwa.

Taka sitaki kuzisema sana. Kuna siku ya kila aina, mfuko maalumu, na ukikosea unaachwa palepale na karatasi nyekundu, mtaa mzima ukiutazama. Bandika ratiba kwenye friji.

Theluji ndiyo itakayokupima. Misimu mingi ya baridi inapita mita moja huku kwetu. Kifaa chake ni beleshi pana la kusukuma kwa mikono miwili, linaitwa mama-san danpu, jina lililonipa moyo mpaka nilipolisukuma. Usipande paani peke yako hata siku moja: kila mwaka watu wanakufa wakiondoa theluji, wengi wao wazee. Jua likitoka usisimame chini ya ukingo wa paa. Usiku wa baridi kali funga maji na uyatoe kwenye mabomba, la sivyo yataganda na bomba litapasuka. Na kama unaota jiko la mafuta ya taa, fungua dirisha mara kwa mara, hata kama roho inauma.

Bila gari huendi popote. Leseni ya Tanzania haibadilishwi kwa karatasi tu, kuna mtihani, na ule wa kuendesha nilifeli mara mbili kwa kutogeuza shingo vya kutosha. Faraja ni kwamba tunapita kushoto kama nyumbani, na Kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo, ziko kila shamba. Siku niliyowasha gari letu, yule dada wa sauti ya ndani ya gari akasema maneno yaleyale niliyoyasikia miaka yote kwenye teksi za Dar. Safari hii nilimwelewa. Anasema kadi ya ETC, ya kulipia barabara za kasi, haijaingizwa. Muda wote ule alikuwa anatudai.

Ukipata mapumziko, panda treni ya Akita Nairiku, kilomita 94 za milima kati ya Takanosu na Kakunodate, mara nyingi behewa moja tu. Ukipanda unachukua kikaratasi chenye namba, ukishuka unamlipa dereva, kwa hiyo kaa na sarafu. Katikati ya Februari njoo Yokote kwenye sherehe ya Kamakura: watoto wanakualika ndani ya vibanda vya theluji na kukupa mochi, vitumbua vya mchele unaonata, na amazake, kinywaji kitamu cha mchele. Kwenye maji moto ya kuoga pamoja, jisugue kabla ya kuingia, na rasta zako zifunge juu. Mabibi watakuuliza zimesukwaje. Waonyeshe.

Vuli kuna dubu, na si utani. Mwaka 2023 Akita iliongoza nchi kwa watu kushambuliwa. Funga kengele kwenye mkoba. Neno lao la dubu siwezi kuliandika hapa, kwa Kiswahili ni tusi, mnaojua mnajua. Siku moja vipaza sauti vya kijiji vililitangaza mara nne nikiwa naongea na mama yangu kwa simu, naye akauliza ni watu wa namna gani hao niliokwenda kuishi nao.

Ubao umefika asubuhi hii. Jumapili ni mifereji. Maswali ya viza na leseni nitayajibu Jumatatu, mgongo ukikubali.