"Wewe kabila gani?" Jibu la Mwarabu koko wa Nzega

Mtoa mada, umesema mwanao wa darasa la 4, baba Mhindi mama Mngoni, wenzake wanamwita chotara na mwalimu anamwita "wewe Mhindi". Mimi si mtaalamu wa malezi, ila majina hayo nimeyabeba miaka 40 na ushee.

Babu wa baba alitoka Oman, ukoo ukafungua duka Nzega. Mama ni Mnyamwezi. Kwa Waarabu mtoto ni wa baba, na kwa Wanyamwezi nako mahari ikishalipwa mtoto ni wa baba. Kesi iliisha kabla sijazaliwa, ila bibi mzaa mama hakuitambua hukumu. Nilizaliwa nyuma ya mapacha, Kulwa na Doto, basi kwake mimi ni Shija, jina la anayefuata mapacha, cheti kiseme kitakavyo. Bila "mwangaluka, mayo" (umeamkaje, mama) ya adabu, matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga huzioni. Jioni dukani kwa babu ni kahawa chungu na tende, na mdogo wake baba ni ami. Ukisema "baba mdogo" wanakucheka. (Hao mapacha, Kulwa mweupe pee, Doto kamchukua mama mzimamzima. Hakuna aliyeamini.)

Sekondari ya bweni nikataka kuwa Mwarabu mtupu. Siku moja bibi akaja na kapu la michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa), kavaa kanga yake iliyopauka. Wenzangu wakauliza ni nani. Nikasema ni mama anayetupikia nyumbani. Alisikia. Akaniambia tu, "Shija, ikipata unyevu ianike tena," akaenda zake stendi. Sijawahi kumwomba msamaha, na sasa hayupo.

Ukubwani ni vichekesho. Sensa ya mwisho Tanzania kuuliza kabila ilikuwa ya 1967, lakini kwenye ofisi moja dirishani nikaulizwa. Nikasema Mnyamwezi. Afisa akaita wenzake waje kuniona. Nikawamwagia Kinyamwezi, kumbe wote ni watu wa Mbeya, hawajaambulia neno! Nilipokwenda Muscat nikaitwa Zinjibari, maana kule mwenye asili ya huku anayeongea Kiswahili huitwa hivyo, hata akitokea Burundi. Zanzibar yenyewe nimefika mara moja, kwa boti, nikatapika njia nzima.

Kwa hiyo mtoto usimwambie ni nusu hiki nusu kile. Mimi niliambiwa hivyo, nikaanza kutafuta nusu ya kuficha. Mwambie ana kwao kuwili, kisha ampate bibi wa kila upande kwa mwili, si kwa simu. Likizo ya Desemba mpeleke Songea akae wiki 3 bila wewe, arudi anajua kuamkia Kingoni. Upande wa baba naye akae jikoni na shangazi zake, ajue chapati inaitwaje kwao.

Wenzake waache, watachoka. Huyo mwalimu ndiye usimwache. Nenda kesho asubuhi, mchukue na baba mtu, mkamwambie mtoto ana jina.