Maswali ya Wasomaji: Kibanda cha Kurekodia Kinachoingia Begini

SWALI: Mhariri, salaam. Kazi yangu ni kusoma matangazo na simulizi za filamu za mafunzo, na kazi hiyo hunifuata hata ninapokuwa safarini. Majuzi nilinunua kisanduku cha kukunja chenye sponji ndani, ambacho maikrofoni huwekwa katikati yake, nikiamini kwamba sasa nitaweza kurekodi katika chumba chochote cha hoteli. Mteja amenirudishia kazi mara mbili: mara ya kwanza alidai anasikia magari, na mara ya pili alisema ninasikika kama mtu aliye ndani ya pipa. Je, nimeuziwa kifaa kibovu, au ninunue kikubwa zaidi? – Msimulizi wa Safarini

JIBU: Ndugu Msimulizi, huenda kifaa chako hakina kosa lolote isipokuwa jina. Ukiambiwa kibanda, unafikiria kuta zinazozuia kelele za nje, ilhali sponji haina uwezo huo. Kelele huzuiwa na uzito pamoja na kuzibwa kwa nyufa, yaani ukuta wa matofali, dirisha la vioo viwili, au mlango mzito usioacha upenyo chini. Sponji ni nyepesi na imejaa matundu, na panapopita hewa, sauti nayo hupita. Kazi yake ni kufyonza sauti yako mwenyewe, isigonge ukuta na kuirudia maikrofoni kama mwangwi. Magari aliyoyasikia mteja wako yangesikika hata kama ungenunua kisanduku cha bei mara tatu ya hicho.

Suala la pipa lina maelezo yake. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde), ambako sauti nyingi za kiume huanzia, lina urefu wa karibu mita 3.4, na lile la hezi 5,000 lina sentimita 7 hivi. Sponji ya sentimita 5 hulimeza hili la pili bila taabu, lakini lile la kwanza huipita sponji kana kwamba haipo. Ndiyo maana kisanduku hupunguza ung'avu wa sauti na kuacha mvumo ukizungukazunguka ndani yake, hasa maikrofoni inaposukumwa hadi nyuma na msomaji akaingiza kichwa kuifuata. Niliwahi kurekodi hivyo ukurasa mzima, na nilipousikiliza sikuitambua sauti yangu. Isogeze maikrofoni mbele mpaka ilingane na mdomo wa kisanduku, wewe ubaki nje. Tofauti utaisikia kabla hujamaliza sentensi moja.

Hata hivyo, tatizo kubwa zaidi huwa liko mgongoni mwako. Maikrofoni nyingi za usimulizi zina usikivu wenye umbo la moyo, yaani husikia vizuri kwa mbele na ni kama viziwi kwa nyuma. Mbele ya maikrofoni uko wewe, na nyuma yako kuna ukuta mtupu unaorudisha mwangwi moja kwa moja mahali maikrofoni inaposikia vizuri kuliko kote. Kisanduku, kwa upande wake, kimekaa kule kwenye uziwi. Kwa hiyo, kama ningelazimika kuchagua kimoja cha kubeba, ningeacha kisanduku nikachukua blanketi mbili nzito, nizitundike nyuma yangu zikiwa zimeachana na ukuta kwa sentimita 10 au 20, kwa kuwa nafasi hiyo ya hewa huzisaidia kufyonza mawimbi marefu zaidi. Kabati la nguo lililofunguliwa, likiwa na nguo ndani, hufanya kazi hiyohiyo ukilipa mgongo.

Kelele za nje zipunguze kwa kuchagua chumba, kwa sababu ukishaingia ndani huna la kufanya. Omba chumba kisichotazama barabara na kilicho mbali na lifti. Zima kiyoyozi, chomoa friji, kisha weka ufunguo wa chumba juu ya friji hiyo ili usiondoke bila kuirudishia umeme. Kaa sentimita 15 hivi kutoka kwenye maikrofoni, ukiielekeza pembeni kidogo ya mdomo ili pumzi za "p" na "b" zisiigonge; ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako huongezeka kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), nawe unaweza kushusha usikivu na kelele ya chumba ikashuka nao. Kabla ya kusoma, rekodi sekunde 30 za kimya na uzisikilize kwa hedifoni. Kipimo kizuri ni kile cha ACX, jukwaa la vitabu vya sauti, ambalo halikubali kelele ya chini, yaani ile inayobaki ukiwa kimya, inayozidi desibeli -60 (desibeli 60 chini ya kiwango cha juu kabisa cha rekodi).

Kuhusu kununua kikubwa zaidi: vipo vibanda vya mabomba na blanketi nzito vinavyokuzunguka mwili mzima, na sauti yake ni nzuri kweli. Lakini ni mzigo, na ndani yake kuna joto kali. Kwa anayekaa mahali pamoja wiki kadhaa vinafaa. Kwa safari ya siku mbili sivishauri.

SWALI: Je, inafaa kurekodi ndani ya gari lililoegeshwa? – Msomaji

JIBU: Inafaa, na mara nyingi matokeo hushinda ya chumba cha hoteli, kwa kuwa viti na dari ya kitambaa hufyonza mwangwi. Adui ni vioo, hivyo kaa kiti cha nyuma, uvifunike kwa nguo au blanketi. Egesha mbali na barabara, zima injini, kisha subiri robo saa kabla ya kuanza, maana chuma kinachopoa huwa kinagongagonga taratibu, na maikrofoni itausikia mlio huo hata kama wewe huusikii.