Ukienda kufundisha ukunga chuo kikuu, hujaacha kuzalisha

Mdogo wangu, umeuliza kama ukitoka leba kwenda kufundisha chuo kikuu utakuwa umeuacha ukunga, na kama utafiti una kazi nyingine zaidi ya kumpandisha mtu cheo. Swali hili nililibeba mwenyewe nikiwa na miaka mitano ya leba na barua ya chuo mkononi.

Habari ya njia ni fupi. Vyuo vyetu vya Tanzania vinataka GPA isiyopungua 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 uzamili. Unaanza chini kabisa, unasoma huku unafundisha, uzamivu ndio unakuvusha kuwa mhadhiri. Leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga isife hata mwaka mmoja. Mengine utayakuta hukohuko.

Nikueleze lililonifanya nibaki. Mwaka wangu wa kwanza nilisimama darasani nikasema mama akipoteza damu mililita 500 au zaidi baada ya kujifungua, hiyo ni hatari. Wote wakaandika. Wiki mbili baadaye niko nao wodini, mama wa uzao wa nne amejifungua salama, kondo limetoka. Mwanafunzi wangu, binti makini kweli, ameandika kwenye faili: damu 200. Nikamshika mama mkono, wa baridi. Nikafunua: kanga mbili zimelowa chapachapa, na nyingine imekunjwa chini ya kiuno. Tulikanda mfuko wa uzazi, tukampa oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, drip mbili, damu ikaletwa. Mama alipona. Ile 200 haikunitoka akilini.

Niliporudi chuoni nilichanganya maji na rangi nyekundu ya keki, nikapima mililita 800 kwenye jagi, nikamwagia kanga mbili na pedi, nikazitandika chini ya mwanasesere wa mazoezi. Wanafunzi wakapita mmoja mmoja kukadiria. Wengi waliandika 300, wengine 400. Nikawaonesha jagi. Darasa zima likanyamaza. Nikawaita na wakunga wazoefu, watu walionifundisha mimi kazi, nao wakakadiria chini vilevile. Hapo nikaelewa kwamba yule binti hakuwa mzembe. Jicho la mtu halipimi damu iliyonywewa na kitambaa, na sisi walimu ndio tuliomwambia akadirie kwa jicho.

Swali langu la utafiti lilizaliwa pale, kwenye kanga. Ndiyo maana nasema mhadhiri wa ukunga asiyekanyaga leba ataishia kuandika madodoso ya kujaza kabrasha la kupandia cheo.

Na utafiti unaokoa watu, usiambiwe vingine. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya E-MOTIVE, jaribio la hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na kwetu Tanzania, wanawake zaidi ya 200,000. Mama aliwekewa chini yake plastiki yenye mfuko uliochorwa vipimo, damu ikaonekana ni kiasi gani, na ikizidi matibabu yote yanatolewa kwa mkupuo badala ya moja baada ya jingine. Kutokwa damu kupita kiasi, pamoja na upasuaji na vifo vinavyotokana nako, kulipungua kwa asilimia 60. Sikuwemo kwenye timu yao, lakini niliposoma nilitokwa machozi, maana nilimwona yule mama wa kanga mbili.

Lipo linaloniuma hadi leo, nalo ni wingi wa wanafunzi. Kila mmoja anatakiwa afikishe idadi ya kuzalisha kwenye kitabu chake, basi unakuta kumi na wawili wamemzunguka mzazi mmoja, hakuna aliyemuuliza kama anaridhia. Mimi naingia na wawili tu, wanajitambulisha kwa majina, wanaomba. Akikataa tunatoka. Kuna wenzangu wanasema nachelewesha mafunzo. Sijakubali, na sitakubali.

Alhamisi zangu zote ni za leba, nilizipigania kwenye ratiba tangu mwanzo. Kwa hiyo kabla hujasaini barua yako, dada, muulize mkuu wa idara atakupa siku ngapi za wodini kwa wiki, na umwombe akuandikie.