Redio walinipa dakika saba, vitabu vikiwa bado kwa mchapaji

Siku niliyoitwa redioni kwa mara ya kwanza niliamka saa kumi alfajiri, nikapiga shati pasi mara mbili, utadhani redio ina macho. Nilikuwa nimeandika riwaya yangu ya kwanza ya upelelezi, nimejichapishia kwa fedha za mkopo, na rafiki wa rafiki alikuwa amenitafutia nafasi kwenye kipindi cha asubuhi.

Mtangazaji alikuwa hajakifungua kitabu. Wimbo ukiwa hewani ndipo alipokigeuza, akapitisha macho kwenye jalada la nyuma huku anamalizia chapati, kisha akaniuliza, "Kaka, muuaji ni nani? Nitajie tu, nisije nikakwama." Kabla sijajibu, taa nyekundu ikawaka.

Nilizungumza vizuri, hilo najisifia. Sijafika hata kituo cha daladala, simu ina meseji thelathini na kitu, zote zinauliza kitabu kinapatikana wapi. Hakikuwa kikipatikana popote. Nakala 500 nilizolipia zilikuwa bado kwa mchapaji, jalada lilikuwa limetoka na wekundu uliofifia kama juisi ya ukwaju, na tulikuwa tunabishana nani agharimie kurudia. Za mwanzo nilikuwa nazo kumi. Nane nilishawagawia ndugu, ambao mpaka leo hawajasoma. Vitabu vilipotoka, wiki tatu baadaye, niliwajibu wale wa meseji mmoja mmoja. Walionunua ni wanne.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa kichuuzi kabisa: usikanyage studio kabla kitabu hakijawa mezani kwa muuzaji. Joto la habari ni siku mbili, tatu. Msikilizaji hakai na jina lako kichwani akikusubiri umalizane na mchapaji.

Kisa ninachowasimulia vijana wanaonifuata kuomba ushauri ni cha Robert Galbraith. Aprili 2013 ilitoka Uingereza riwaya ya upelelezi yenye jina hilo kama la mwandishi. Mwandishi alitambulishwa kama mtu aliyewahi kuwa mpelelezi wa jeshi. Wahakiki waliisifu. Pamoja na sifa zote hizo, kwa miezi mitatu ziliuzwa nakala kama 1,500 tu za jalada gumu. Julai gazeti la Sunday Times likafichua kwamba Galbraith ni J. K. Rowling, yule mwandishi wa Harry Potter. Siri ilianzia kwa mwanasheria aliyemnong'oneza rafiki wa mkewe, na rafiki yule akaipeleka Twitter kwa mwandishi wa gazeti hilo; baadaye mwanasheria alipigwa faini ya pauni 1,000. Ndani ya saa chache kitabu kilipanda hadi kileleni Amazon, maduka yakaishiwa, mchapishaji akakimbilia mitamboni. Na kumbuka, hakuna herufi iliyobadilishwa ndani yake. Sentensi ni zilezile zilizokuwa zinapigwa vumbi Juni.

Mimi kisa hiki kiliniuma kabla hakijanifunza. Gazeti haliandiki habari ya kitabu, linaandika habari ya mtu. Ukilielewa hilo mapema utaacha kumlaumu mtangazaji wa chapati.

Hapo ndipo wengi wanaporuka moja kwa moja kwenye kiki. Jamaa yangu mmoja alinishauri nitangaze kwamba majambazi wananitishia maisha kwa sababu ya riwaya. Nilikaa na wazo hilo usiku mzima, sitawaficha. Kilichonizuia ni Agatha Christie, mwandishi wa Uingereza wa riwaya za upelelezi. Usiku wa tarehe 3 Desemba 1926 aliondoka nyumbani kwake, gari likakutwa limetelekezwa Newlands Corner, Surrey. Polisi na raia kwa maelfu wakamsaka. Alipatikana siku kumi na moja baadaye kwenye hoteli moja Harrogate, amejiandikisha kwa ubini wa hawara wa mumewe. Mwaka huohuo alikuwa amefiwa na mama yake, na mume anataka talaka. Bado walikuwepo waliosema anatafuta kuuza vitabu. Aliishi karibu miaka hamsini zaidi, na tawasifu yake iliyotoka 1977, baada ya kifo chake, haizigusi siku zile. Kama mwenye majonzi ya kweli aliitwa muigizaji, wewe unayeigiza utaitwaje siku polisi watakapokuuliza majambazi hao ni akina nani?

Tena kiki inaweza kukupata hata usipoitafuta. Nilimwambia kijana wa gazeti la udaku kwamba nilikaa na watu waliotoka gerezani ili nisikie wanavyoongea. Kesho yake: MWANDISHI AKIRI KUISHI NA MAJAMBAZI. Mama mkwe akapiga simu. Hakufoka. Aliuliza kwa upole, "Baba, na hizo hela za mahari zilitoka wapi?"

Tangu hapo siendi kwenye mahojiano mikono mitupu. Nabeba karatasi moja: jina langu na la kitabu yaliyoandikwa sawasawa, bei, duka linalouza, namba ya kulipia, na aya moja inayoishia pabaya, mlango unafunguka na hatujui nani anaingia. Waandishi wa habari wana haraka. Kilicho kwenye karatasi yako kitatoka karibu kilivyo. Na kabla ya kusema sentensi yoyote naigeuza kichwani iwe kichwa cha habari kwa herufi kubwa. Ikinitisha, naimeza.

Kuhusu bahasha za "nauli" wanazopewa waandishi wa habari kwenye uzinduzi: nimewahi kutoa. Elfu ishirini kwa kila mmoja, watu sita. Zilitoka habari tatu, zote zinamhusu mgeni rasmi, na mbili zilikosea jina la kitabu. Hela ile ningeilipia nakala za kuwapa wasimamizi wa makundi ya hadithi ya WhatsApp, maana wasomaji wetu wako huko, walewale waliokuwa wakinunua magazeti ya mtunzi Eric Shigongo kwa ajili ya hadithi zinazoishia na "itaendelea". Shigongo mwenyewe hakuhitaji kumbembeleza mhariri. Magazeti yalikuwa yake.

Riwaya ya pili nilianza kwa muuza vitabu wangu pale Posta. Nikamwachia nakala arobaini Jumatatu, Jumatano nikaenda redioni. Mtangazaji mwingine, swali lilelile la muuaji. Nikamwambia yumo ndani ya duka la Posta, kwa elfu kumi na mbili. Saa kumi jioni muuzaji akapiga simu.

"Mwalimu, lete vingine. Halafu yule dada wa ukurasa wa 31, kweli amekufa?"