Nafikaje kabla sijaondoka?

SWALI: Habari za kazi, naomba mnisaidie maana hii kitu inanichanganya sana. Mwezi wa 7 nasafiri toka Tokyo kwenda Los Angeles, tiketi inasema ndege inaruka Jumanne saa 11 jioni alafu inafika Jumanne hiyohiyo saa 5 asubuhi! Kurudi ndo balaa zaidi, naondoka Jumapili saa 5 asubuhi nafika Jumatatu saa 8 na nusu mchana, nikihesabu ni masaa 27 na nusu. Umbali si uleule jamani? Tiketi ina makosa ama?

JIBU: Tiketi yako iko sawa kabisa usiirudishe. Shida ni kwamba umetoa saa ya mji mmoja kwenye saa ya mji mwingine, na tiketi siku zote inaandika saa ya pale ndege ilipo. Mwezi wa 7 Tokyo iko mbele ya Los Angeles kwa masaa 16, kwahiyo ukitua saa 5 asubuhi, Tokyo kule ni saa 9 usiku wa kuamkia Jumatano, yani umekaa angani masaa 10 tu. Kurudi chukua hizo 27 na nusu toa 16, inabaki 11 na nusu. Basi.

Sasa hiyo saa moja na nusu ya ziada wakati wa kurudi, hapo ndo napapenda mimi. Ni upepo. Juu kule ndege inakopita kuna mkondo wa upepo unaovuma toka magharibi kwenda mashariki, kuna siku unapita kilomita 200 kwa saa, ukienda Marekani unakusukuma mgongoni na ukirudi Japani unakupiga usoni. Mtaalamu wa hali ya hewa wa Japani, Wasaburo Oishi, aliupima miaka ya 1920 kwa kurusha maputo, ila ripoti yake akaiandika kwa Kiesperanto, lugha ya kubuni inayojulikana na wachache, na wengi nje ya Japani hawakuisoma, inasikitisha kwakweli.

Umbali wenyewe ni kama kilomita 8,800. Usishangae kwenye skrini ukiona ndege inapanda kaskazini kuelekea upande wa Alaska, rubani hajapotea, dunia ni duara na njia fupi inapinda hivyo, ukifuata mstari ulionyooka wa kwenye ramani unaongeza karibu kilomita 500. Wakati wa kurudi wanaweza kupanda kaskazini zaidi kuukwepa huo upepo.

Kitu kimoja nakuomba sana, hoteli ya Tokyo weka kuanzia Jumatatu, wengi wanaweka siku waliyoondoka wanalipia usiku ambao wako angani. Na Los Angeles utafika asubuhi chumba huenda hakijawa tayari, waulize mapema kama unaweza kuacha mizigo.